Meena Kumari na Picha za Machweo

Wapenzi wa senema za Kihindi visiwani kwetu wana ugomvi wa zamani ambao haujapata kadhi. Akitajwa Meena Kumari, hapana abishaye juu ya Baiju Bawra ya 1952, wala juu ya Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962, ambamo mke wa kabaila anajifunza kulewa ili amzuie mumewe asitoke usiku. Ugomvi huanza zikitajwa picha za miaka yake ya mwisho. Wako wasemao zisitazamwe kamwe, ati kuzitazama ni kumvunjia bibi yule heshima. Wako pia wazitetezi, wanaozitetea moja baada ya moja, hata zile zisizoteteeka.

Ni ugomvi wa watu waliopenda. Kizazi kizima cha Unguja kilikulia katika picha za Kihindi, Majestic, Empire na Sultana, na sauti za nyimbo zake zikaingia hata katika taarabu, zikavishwa maneno ya Kiswahili. Mtu aliyekwisha kulia gizani pamoja na mwigizaji hawi hakimu mwepesi juu yake, ama kwa kumpendelea, ama kwa kumkasirikia kwamba amezeeka.

Naye hakuzeeka. Hilo husahauliwa barazani. Alifariki Bombay tarehe 31 Machi 1972, kwa maradhi ya ini, umri wake haujafika arubaini. Aliingizwa kazini utotoni. Picha yake ya kwanza, Leatherface, ilitoka mwaka 1939. Katika tuzo za Filmfare za 1963, majina matatu yaliyopendekezwa kwa mwigizaji bora wa kike yote yalikuwa yake, kwa picha tatu mbalimbali. Mwaka uliofuata aliachana na nyumba ya mumewe, Kamal Amrohi, aliyekuwa mwongozaji wa picha. Kisha ukaja ulevi, yakaja maradhi, na mwaka 1968 akaenda Ulaya kutibiwa. Aliporejea, Bombay ilikuwa imekwisha kupata mabanati wapya wa kuimba bustanini. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano alipewa kuwa dada mkubwa, au mjane, au mama.

Basi na tuzitaje zenyewe, maana ugomvi mwingi hupiganwa na watu wasiokumbuka majina. Noor Jehan ya 1967 ni picha ya mavazi na mapambo ya kifalme, na ndani ya mapambo hayo hapana mtu. Saat Phere na Jawab, zote za 1970, sizioni kuwa na cha kuziokoa. Hadithi zake zimechoka kabla mwigizaji hajaingia. Gomti Ke Kinare ilitoka Novemba 1972, yeye keshazikwa, na sifa yake kubwa ni subira ya mtazamaji. Hapa nakubaliana na wakali.

Lakini wakali hutia kapu moja na hizo picha ambazo kosa lake lilikuwa kukosa wateja tu. Manjhli Didi, nayo ya 1967, aliiongoza Hrishikesh Mukherjee kutokana na hadithi ya Sarat Chandra Chattopadhyay. Haikuingiza fedha. Itazameni lakini: mke wa nyumba anayemlinda yatima dhidi ya jamaa zake mwenyewe, na hasira yake yote imo katika namna anavyonyamaza. Katika Dushman ya 1971 dereva wa lori, Rajesh Khanna, amemwua mumewe barabarani, na mahakama inamhukumu aje kuilea familia ya marehemu. Watu walimwendea Rajesh Khanna, aliyekuwa kipenzi cha wakati ule. Wanaokumbuka vizuri humkumbuka mjane, anavyomtazama mgeni huyo anapokaribia mlango.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni Pakeezah, kwa kuwa ndiyo picha wanayoiapia pande zote mbili. Ilianza kutengenezwa katika miaka ya hamsini, chini ya Amrohi mwenyewe. Ikakatika wawili hao walipoachana, ikalala miaka, ikaendelea tena mwaka 1969, na hatimaye ikaonyeshwa tarehe 4 Februari 1972, wiki nane kabla ya mauti yake. Mpigapicha wake, Mjerumani Josef Wirsching, alikufa mwaka 1967, na mtunzi wa nyimbo zake, Ghulam Mohammed, akafuata mwaka 1968, wote wawili wasiione. Kwa hiyo picha ile ina Meena Kumari wawili: wa ujana na wa maradhi, wameunganishwa kwa mkasi wa mhariri. Msichana anaingia chumba kimoja, na anayetokea chumba cha pili ni yule mgonjwa wa miaka mingi baadaye. Katika ngoma ya mwisho hakuweza kucheza, ikabidi Padma Khanna acheze badala yake, uso umefunikwa utaji.

Asemaye, “Mimi nampenda wa Pakeezah tu, wa mwisho simtaki,” keshamtazama wa mwisho bila kujua. Amemlilia.

Na ya tatu ni Mere Apne ya 1971, picha ya kwanza kuongozwa na mshairi Gulzar. Hapo bibi huyu ni ajuza wa kijijini, kavaa mvi na sari nyeupe, aliyeletwa mjini na jamaa wanaotaka mtumishi wa bure, naye akaishia kuwa nyanya wa vijana wa mitaani, hadi risasi ikamkuta kati yao. Hakuna urembo wa kumtegemeza. Sauti inatosha. Kwangu mimi picha hii inasimama karibu na Sahib Bibi, na nitabishana na yeyote atakaye.

Sisi tutungao mashairi tuna kikapu. Ubeti ukitoka kombo twaukunja, twautupa, na msomaji hajui. Mwigizaji hana kikapu. Siku yake mbaya huhifadhiwa kwenye makopo ya filamu, ikauzwa. Meena Kumari alikuwa nacho upande mmoja tu wa maisha yake, kwani alitunga mashairi ya Kiurdu kwa jina la Naaz. Madaftari yake aliyausia kwa Gulzar, naye akachagua yaliyofaa, yakachapishwa baada ya kifo chake. Saat Phere na Jawab hazikupata wa kuzichagulia, zikatoka kama zilivyo.