Empire: filamu ya saa 8, na saa inayochelewa

Leo hakuna PHP wala MySQL, ila hesabu ipo. Kuna filamu ambayo nikimsimulia mtu hapa Migori hudhani natania: saa 8 na dakika 5, bila sauti, nyeusi na nyeupe, na mhusika ni jengo moja tu. Inaitwa Empire, ya Andy Warhol. Ukiianza basi la usiku likitoka Migori, Nairobi inaweza kufika kabla haijaisha.

Ilipigwa usiku wa tarehe 25 Julai 1964 mjini New York (sisi Kenya tulikuwa bado hatujawa Jamhuri). Wazo lilikuwa la John Palmer, na Jonas Mekas ndiye aliyeshughulika na kamera. Waliiweka dirishani, ghorofa ya 41 ya jengo la Time-Life, ikilitazama Empire State Building. Walianza saa 2:06 usiku, wakamaliza saa 8:42.

Mwanzoni huoni ila weupe, maana kamera ilikuwa imepangwa kwa ajili ya giza. Polepole jengo linajitokeza, halafu taa za juu zinawaka. Taa hizo zilikuwa mpya, zilifungwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka huo. Baada ya hapo, karibu hakuna kinachotokea. Nasema karibu, kwa sababu aliyewahi kukaa ufuoni Homa Bay akitazama taa za wavuvi wa omena anajua kwamba taa gizani hazichoshi haraka hivyo.

Sasa utamu wenyewe. Kamera ilipiga fremu 24 kwa sekunde, lakini Warhol alitaka filamu ionyeshwe kwa fremu 16. Kwenye picha kuna mnara mwingine, wa Metropolitan Life, ambao taa yake humweka kila robo saa. Piga hesabu: dakika 15 mara 24, gawa kwa 16, unapata dakika 22 na nusu. Yaani ndani ya filamu kuna saa, na saa hiyo inachelewa! Mtazamaji haambiwi. Anahisi tu kwamba usiku huu ni mrefu kuliko usiku wa kawaida.

Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Empire kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa. Lakini kuhifadhi nini hasa? Faili la video hubeba namba ya kasi yake ndani. Mkanda wa milimita 16 hauna namba hiyo. Ni picha tu, zaidi ya 460,000, zimepangana. Fundi akiuzungusha kwa 24 kama ilivyo kawaida, filamu inaisha kwa takriban saa 5 na dakika 23. Mnara unarudi kumweka kila dakika 15 sawasawa, hakuna fremu hata moja iliyokatwa, na filamu ya Warhol haipo tena.