Kitu na Mwenyewe

Mjini Oxford, Uingereza, mna jumba ambalo wageni huliingia kwa kupitia jumba jingine. Sharti wapite kwanza kati ya mifupa ya wanyama wa kale, katika makumbusho ya viumbe, ndipo wafike kwenye kazi za mikono ya binadamu. Hayo ndiyo Makumbusho ya Pitt Rivers. Hazina yake, pamoja na picha na nyaraka, ni zaidi ya nusu milioni, na imetoka pembe zote za dunia.

Asili yake ni mkusanyo wa mwanajeshi, Augustus Pitt Rivers (1827–1900). Alianza kwa kuchunguza bunduki, akaona jinsi zilivyobadilika hatua kwa hatua, kisha akasadiki kuwa kila kitu kilichoundwa na mtu kimekua kwa njia hiyo. Mwaka 1884 alikipa Chuo Kikuu cha Oxford vitu zaidi ya 20,000, kwa sharti kwamba vijengewe nyumba na ateuliwe mwalimu wa kuvisomesha. Mwalimu huyo akawa Edward Burnett Tylor.

Makabati ya humo hayakupangwa kwa nchi wala kwa kabila, bali kwa aina: ngoma pamoja na ngoma, taa pamoja na taa, nyavu pamoja na nyavu. Mpango huu una ladha yake, maana mtazamaji huona watu wasiopata kukutana wakijibu haja moja kwa namna mbalimbali. Lakini nia ya mwanzo ilikuwa nyingine. Katika mchoro wake wa mwaka 1875, Pitt Rivers aliweka fimbo moja katikati, na kutoka kwayo akachipuza marungu, ngao na mikuki ya wenyeji wa Australia. Kwa hesabu hiyo, watu walio hai zama zake waligeuzwa ushahidi wa utoto wa binadamu, na Ulaya ikajiweka kileleni. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa, ila mpango wa makabati umebaki.

Sisi tushughulikao na maneno tunaujua upungufu wa mpango wa namna hii. Wanawake wa pwani walikuwa na bangili, kekee, banagiri, furungu na mtali. Mfasiri akiyaita yote “mapambo ya mwilini” hakusema uongo, lakini amekwisha kupoteza aliyevaa, mahali pa kuvaliwa, na siku ya kuvaliwa. Umbo laonekana kwa macho. Maana haionekani mpaka aulizwe mwenyewe.

Ushahidi wa jambo hili umetokea ndani ya jumba hilo hilo. Miongoni mwa vitu vyake mna mapambo ya Wamaasai yaliyotolewa na Claud Hollis, mtawala wa kikoloni ambaye katika miaka ya 1920 alikuja kuwa Rezidenti wa Kiingereza hapa Unguja. Kwa zaidi ya miaka mia moja yalihesabiwa kuwa vikuku na shanga. Mwaka 2018 wajumbe wa Kimaasai kutoka Tanzania na Kenya walifika Oxford, wakavitazama, wakaeleza kuwa baadhi yake si vya kuuzwa wala kutolewa zawadi. Mojawapo ni orkatar, bangili ambayo mwana huirithi baba yake anapofariki. Kwa maelezo hayo swali likabadilika. Halikuwa tena kikuku hiki ni cha aina gani, bali kilimtokaje mwenyewe.

Mfano mwingine ni wa Wablackfoot wa Amerika Kaskazini. Mashati yao matano ya ngozi, yenye nakshi za miiba ya nungunungu, na baadhi yake yenye vishungi vya nywele, yalichukuliwa mwaka 1841 na kufika katika makumbusho hayo mwaka 1893. Mwaka 2010 yalipelekwa kwa mkopo Alberta, Kanada, na wajukuu wa walioyashona wakaruhusiwa kuyashika kwa mikono yao, si kuyaangalia nyuma ya kioo tu. Kisha yakarejeshwa Oxford, maana mkopo si marejesho. Hata hivyo, yaliyojulikana mikononi mwa watu hao yasingalijulikana kabatini.

Mwaka 2020 makumbusho hayo yaliondoa mabaki ya binadamu maonyeshoni, vikiwamo vile vichwa vilivyokaushwa vya Amerika Kusini ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa kivutio cha watoto na wazazi wao. Wako waliolalamika kuwa jumba limepungua. Lakini kichwa cha mtu kilichowekwa ili kimshangaze mpita njia hakikuwa kikifundisha neno juu ya watu waliokitengeneza. Kilifundisha tu kuwacheka.

Basi anayezuru jumba la namna hii na astaajabie ufundi, kwani ufundi upo na wastahili kustaajabiwa. Lakini kwenye kila kibandiko asome na kile kisichoandikwa: nani alikitoa, kwa hiari ipi, na nani hajaulizwa bado.