Mtoto, Mzazi na Baraza: Historia ya Malalamiko katika Uingereza

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii ina kweli nyingi, walakini haina kweli yote. Maana wapo wazazi wasioujua uchungu huo, na wapo watoto ambao hatari yao kubwa imo ndani ya nyumba walimozaliwa. Kwa ajili ya watoto hao serikali nyingi zimejipa haki ya kuingia nyumbani mwa mtu na kumtoa mtoto mikononi mwa wazazi wake. Mamlaka hiyo ni nzito, na ni vigumu kuitumia bila ya kulalamikiwa. Yafaa basi tutazame malalamiko hayo katika historia ya Uingereza, tuone yalizaa nini.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto mwaka wa 1889. Tangu hapo mlango wa nyumba uliweza kufunguliwa kwa amri ya hakimu. Lakini kumtoa mtoto katika nyumba mbaya si sawa na kumpatia nyumba njema, na jambo hilo lilidhihirika mwezi wa Januari 1945. Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa chini ya ulinzi wa baraza la mji wa Newport, alifariki katika shamba moja la Shropshire kwa kupigwa na kutotunzwa na watu waliopewa kazi ya kumlea. Sir Walter Monckton alipochunguza habari hiyo aliona jinsi usimamizi ulivyolegea baina ya mabaraza mawili. Mwaka wa 1946 kamati iliyoongozwa na Myra Curtis ilitoa taarifa juu ya watoto wasio na makwao, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 1948 ikalazimisha mabaraza makubwa yawe na ofisa maalumu wa watoto. Hivyo ndivyo lalamiko la umma lilivyojenga ofisi mpya.

Ofisi hizo zilipounganishwa na huduma nyingine za ustawi wa jamii mwaka wa 1971, wengi walitumaini kwamba mtoto hatapotea tena kati ya meza moja na nyingine. Mwezi wa Januari 1973, katika mji wa Brighton, Maria Colwell, mwenye umri wa miaka saba, aliuawa na baba yake wa kambo. Alikuwa amelelewa na shangazi yake kwa miaka mingi, kisha akarudishwa kwa mama yake mwaka wa 1971. Majirani na walimu walikuwa wamepeleka habari mara nyingi, lakini habari hizo hazikukutana mahali pamoja. Taarifa ya mwaka wa 1974 ilieleza hayo, na lawama zikawaangukia maofisa wa ustawi wa jamii kwa kuwa walichelewa.

Aliyelaumiwa kwa kuchelewa hufanya haraka safari ya pili. Katika jimbo la Cleveland, mwaka wa 1987, madaktari wawili wa hospitali walisema kwamba watoto 121 walikuwa wameharibiwa, na hayo yote katika muda wa miezi michache. Wengi walitolewa makwao kwa amri iliyoweza kumweka mtoto mbali na wazazi wake kwa muda wa siku 28. Wazazi walilia, na mbunge Stuart Bell akakipeleka kilio chao Bungeni. Jaji Elizabeth Butler-Sloss alitoa taarifa yake mwaka wa 1988. Aliona kwamba madaktari, polisi na maofisa wa baraza hawakusikilizana, kwamba wazazi hawakuelezwa mambo ipasavyo, na kwamba baadhi ya watoto walipimwa na kuhojiwa mara nyingi kupita kiasi. Wengi walirudishwa makwao. Hata hivyo taarifa hiyo haikuamua ni wangapi waliodhurika kweli.

Katika visiwa vya Orkney, upande wa Uskochi, watoto tisa walichukuliwa alfajiri mwezi wa Februari 1991 wakapelekwa mbali kwa ndege. Mwezi wa Aprili hakimu aliitupa kesi, nao wakarudi. Taarifa ya Lord Clyde ya mwaka wa 1992 ililaumu namna kazi hiyo ilivyofanywa.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuanza kugeuka. Mwaka wa 1987 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilivunja haki za wazazi walionyimwa njia ya kutosha ya kupinga maamuzi ya mabaraza. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 1989, iliyoanza kazi 1991 katika Uingereza na Wales, ilipunguza siku 28 kuwa nane, zikiweza kuongezwa saba kwa idhini ya mahakama. Ililiagiza kila baraza liwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na mtu asiye wa baraza ashiriki katika kuyapima. Nayo iliitaka mahakama iyazingatie matakwa ya mtoto mwenyewe, kwa kadiri ya umri na akili yake.

Maji yalijaa tena. Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane aliyetoka Côte d'Ivoire, aliuawa mjini London mwezi wa Februari 2000. Lord Laming, katika taarifa yake ya mwaka wa 2003, alihesabu nafasi 12 ambazo wenye wajibu waliziacha zikapita bila ya kumwokoa.

Twaona basi kwamba malalamiko ni ya namna mbili: ofisa amekuja upesi mno, au amechelewa. Katika namna ya kwanza alalamikaye ni mzazi. Katika ya pili ni jirani na umma, maana mtoto amekwisha kuzikwa. Katika zote mbili sauti ya mtoto ndiyo iliyosikika kidogo. Hatari iliyopo ni kwamba ofisa anayeogopa lawama za pande zote huanza kujilinda mwenyewe, akajaza karatasi na kumsahau aliye mbele yake. Walakini lisingekuwapo lalamiko, siku 28 zisingekuwa nane, wala habari za majirani wa Brighton zisingeandikwa popote. Baraza linalomwona mzazi mlalamikaji kuwa adui hujinyima shahidi, na mzazi amwonaye kila ofisa kuwa mwizi wa watoto husahau kisa cha Maria. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hapa ni mtoto, ambaye wote wawili wadai kumtetea.