Tunda lilipoimeza katiba

“Ndizi nimeiona, mjukuu wangu. Sasa hiyo katiba yenyewe yasemaje?”

Ajuza mmoja aliniuliza hivyo asubuhi ya Novemba 21, 2005. Nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura. Kazi yangu ilikuwa kumwelekeza tu, si kumweleza. Nikabaki kimya.

Alama za uchaguzi zilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nchini India, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa 1951-52, kila mgombea aliwekewa sanduku lake lenye picha, kwa kuwa wapigakura wengi mno hawakujua kusoma. Kwetu, KANU ilikuwa na jogoo, FORD-Kenya ikawa na simba. Jogoo alikuja na methali zake, tena yule wa shamba haliwiki mjini! Hata hivyo, aliyemchagua jogoo alijua ni nani anayepata kura yake. Picha ilisimama badala ya jina, basi.

Kura ya maamuzi ni mambo mengine kabisa. Mswada wa katiba una sura na vifungu, hauna uso. Tume ya Uchaguzi ilitaka alama zisizoegemea upande wowote, ikaamua ndizi iwe ‘Ndiyo’ na chungwa liwe ‘La’. Eti matunda hayana siasa! Muda si muda tukawa na watu wa ndizi na watu wa chungwa, na mikutano ya hadhara ikageuka soko. Anayesoma na asiyesoma sote tulikuwa tukibishana kuhusu matunda. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, kisha likazaa chama, ODM, kilichogawanyika mwaka wa 2007, kila upande ukitaka chungwa lake.

Mwaka wa 2010 tulipewa rangi: kijani ‘Ndiyo’, nyekundu ‘La’. Ati rangi nazo hazina upande, ilhali taa za barabarani zimetufundisha ipi hupitisha na ipi husimamisha.

Nionavyo, mkono wa asiyesoma ulishughulikiwa, sikio lake likasahaulika. Alichohitaji ajuza yule ni mtu wa kumsomea vile vifungu vya ardhi kwa lugha yake, mapema, kabla ya kufika foleni.

Alipotoka, alinipungia mkono. Akaniambia yeye machungwa hayapendi, humtia ganzi meno.