Kadi ya Nyumba

Mpangaji wa New York anaweza leo kusoma maovu ya nyumba kabla hajalipa kodi ya kwanza. Haki hiyo haikuja kwa hisani ya wenye nyumba.

Sheria ya nyumba za kupanga ya 1867 ilidai ngazi za kukimbilia moto na angalau choo kimoja kwa kila watu 20. Usimamizi ukawa hafifu, na familia zikaendelea kupangishwa vyumba visivyo na dirisha hata moja. Mwaka 1890 Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark, alitoa kitabu kilichowaonyesha matajiri jinsi wapangaji walivyobanana gizani. Hatimaye ikaja sheria ya 1901, iliyoleta idara maalumu ya ukaguzi. Wakaguzi wake walipita mtaa kwa mtaa wakiyaandikia majengo kadi: ghorofa ngapi, familia ngapi, choo kiko wapi, mwenye nyumba ni nani.

Nenda 97 Orchard Street, jengo la 1863 ambalo sasa ni makumbusho. Nimeingia mle nikaona madirisha yaliyotobolewa kwenye kuta za ndani ili chumba cha giza kiazime mwanga wa chumba jirani. Vyoo vya ndani viliwekwa 1905. Kabla ya hapo mama mwenye mtoto mgonjwa alishuka ngazi hadi uani, hata theluji ikianguka.

Kadi nyingi zimesalia, na idara ya nyumba imeziweka kwenye intaneti pamoja na malalamiko na makosa ya sasa. Makosa yana madaraja A, B na C. C ni hatari ya papo hapo, kama kukosa joto wakati wa baridi.

Mimi ni mtu wa Tanga, natunza majengo huku Bronx. Ndugu akija kutafuta chumba, namwomba anwani kwanza, tunasoma pamoja. Namwambia: lalamiko moja lisikutishe, bomba lolote hupasuka. Tazama linalorudi kila Desemba, na kosa la C lililoachwa wazi miezi. Hapo unaijua tabia ya mwenye nyumba.

Kwetu Afrika Mashariki, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua takriban watu 50. Lilikwisha kutajwa kuwa la kubomolewa, na bado watu walikuwa wakiishi humo. Ukaguzi usiomfikia mpangaji haumwokoi.

Kaunti na halmashauri zetu ziyafungulie majengo kadi na kuziweka wazi kwa kila mtu. Nawe unayetafuta nyumba leo, usimlipe dalali kabla hujabisha hodi kwa wapangaji waliomo na kuwauliza: maji yanatoka, ukuta umepasuka lini, na mwenye nyumba akiambiwa huja?