Mwafaka wa Nafsi na wa Mji: Sitiari ya Afya kutoka Alcmaeon hadi Aristotle

Katika falsafa ya Wayunani wa kale, tiba na siasa zilikopeshana istilahi. Mhakiki anayeitazama nafsi, mwili na mji kama mada tatu zisizohusiana hupitwa na kiini cha mjadala wao, yaani suala la nani anayestahili kutawala.

Alcmaeon wa Croton, wa karne ya 5 K.K., kwa mujibu wa muhtasari uliohifadhiwa na waandishi wa baadaye, alieleza kuwa afya ni usawa wa nguvu zilizomo mwilini: umajimaji na ukavu, baridi na joto, uchungu na utamu. Ugonjwa huzuka nguvu moja inapojitwalia utawala. Neno lake la usawa, isonomia, lilitumika pia katika siasa kwa maana ya usawa wa raia mbele ya sheria.

Plato aliipokea sitiari hiyo na kuigeuza. Ikumbukwe kwamba Athens ilishindwa na Sparta mwaka 404 K.K., na demokrasia iliyorejeshwa mwaka 403 K.K. ndiyo iliyomhukumu Socrates kifo mwaka 399 K.K. Katika Phaedo, Simmias anadai kuwa nafsi ni mwafaka wa vijenzi vya mwili, mithili ya ulinganifu wa sauti za kinubi: kinubi kikivunjika, ulinganifu hutoweka. Socrates anapinga kwamba ulinganifu hufuata nyuzi, ilhali nafsi huuamuru mwili na kuyakanya matamanio yake. Katika kitabu cha 4 cha Republic, mwafaka unarejea, si kama nafsi yenyewe bali kama fadhila yake. Akili hutawala, hamaki huisaidia, matamanio hutii. Mjini nako watawala, askari na wazalishaji hukubaliana kuhusu anayepaswa kutawala. Hivyo, afya iliyokuwa usawa kwa Alcmaeon imekuwa utaratibu wa kutawala na kutawaliwa.

Katika kitabu cha 2 cha Politics, Aristotle aliupinga umoja huo: mji ni wingi wa watu wasiofanana, na kuufanya kitu kimoja ni kama kuugeuza ulinganifu wa sauti nyingi kuwa sauti moja. Hata hivyo, katika kitabu cha 1 yeye mwenyewe alisema kuwa nafsi huutawala mwili kama bwana amtawalavyo mtumwa, akaitumia hoja hiyo kuutetea utumwa.

Yadhihirika basi kwamba mwafaka haukuwa dhana isiyoegemea upande. Kila mwanafalsafa aliyeuchora mwili wenye afya alikuwa amekwisha kuamua ni nani mjini atakayetii.