Uchungu wa Msesewe: Historia Tuliyoiacha Jikoni

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu swali dogo: ni kitu gani kinachoitia bia uchungu? Hujibu upesi kwamba ni hopsi. Nikiuliza kinachoitia mbege uchungu, ukumbi hunyamaza, hata wale waliozaliwa Marangu na Kibosho. Kimya hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya.

Hopsi ina historia inayofahamika. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi za Ulaya bia ilikolezwa kwa mchanganyiko wa mimea ya porini, na haki ya kuuuza ilikuwa mikononi mwa mabwana na maaskofu waliojipatia mapato kwayo. Uchungu wa bia, basi, ulikuwa suala la kodi na mamlaka. Mpishi wa bia naye ana kanuni zake: hopsi iliyochemka kwa muda wa saa moja hutoa uchungu, na ile itiwayo mwishoni hutoa harufu.

Kilimanjaro nako kuna kanuni. Nilizijua jikoni kwa bibi yangu, Old Moshi. Ndizi mbivu zilichemshwa kwa saa nyingi hadi zikawa nyekundu, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi, ambao kwa Kichaga ndio hasa uitwao mbege, ulioteshwa ukawa kimea, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la mti wa msesewe lilikaushwa na kutwangwa, likachemshwa katika sufuria yake pekee. Maji yake machungu yalichujwa na kutiwa katika uji, na uji ukachanganywa na maji ya ndizi. Bibi hakuwa na mizani. Aliyaonja maji ya gome kwa ncha ya ulimi, akanyamaza kidogo, ndipo akaamua. "Mjukuu wangu," aliniambia, "gome likizidi umewafukuza wageni, likipungua umewapa uji." Kwa mbege hiyo mahari zilijadiliwa, wazee waliamua mashauri, na wafu waliagwa.

Je, dola iliyatazamaje maarifa haya? Utawala wa kikoloni ulitenga bia ya chupa na "pombe ya wenyeji", na kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kunywa ile ya kwanza. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, mwaka uleule ambao wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNCU. Uhuru haukuufuta mpaka ule: Sheria ya Vileo ya 1968 iliendelea kuipa pombe ya kienyeji leseni za namna yake. Mwaka 1993 South African Breweries iliingia katika Tanzania Breweries, na mwaka 1996 ikazaliwa bia yenye jina la mlima wetu. Moshi penyewe palikuwa na kiwanda cha Kibo Breweries. Kilifungwa mwaka 2002 baada ya makampuni makubwa ya kanda kugawana masoko. Mlima umebaki kwenye chupa, lakini hopsi hutoka ng'ambo, kwenye nchi zenye mchana mrefu wa kiangazi.

Siandiki haya ili kuusifu ulevi, wala kudai kwamba kila cha kale ni salama. Msesewe ni wa jenasi ya Rauvolfia, ambayo imewapa madaktari dawa za shinikizo la damu na za mapigo ya moyo. Kipimo chake si jambo la mzaha. Mti wenyewe hupenda kingo za mito, na gome likiambuliwa kuuzunguka shina lote, hufa.

Kwa hiyo nina ombi kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Mnapofika kilabuni kukagua leseni na kukusanya ushuru, muulizeni mama mpishi maswali mawili zaidi: gome umelitoa wapi, na umelipimaje? Mandikeni majibu yake. Bavaria waliandika kanuni yao zaidi ya miaka 500 iliyopita. Yetu ingali kwenye ncha za ndimi za bibi zetu, nao wanaondoka mmoja mmoja.